MSHIPA WA FAHAMU ULIOKATIKA, NA HUKUMU YA KUUUNGA

Enyi ndugu Waislamu! Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa kwa dhulma katika Chuo Kikuu cha Garissa, na baadhi ya majeruhi wakachukuliwa kwa ndege hadi Nairobi. Na risasi haivunji mfupa tu, bali huweza kukata na mshipa wa fahamu, mkono ukafa ganzi au mguu ukaburura. Ajali za magari nazo hufanya vivyo hivyo.

Aliyepatwa na haya, mara nyingi jamaa zake humchoma kwa chuma cha moto au humfunga hirizi, na siku zapita. Hali ya kuwa mshipa huota kwa kadiri ya milimita 1 tu kwa siku, na nyama ikikaa kiasi cha mwaka na nusu haijafikiwa na mshipa, hunyauka isirejee. Basi kungoja ni kujitia katika maangamizo, na Mola wetu ametukataza hayo.

Tiba ni kuushona. Pengo likiwa kubwa, tabibu hukata mshipa mwengine katika mguu wa mgonjwa mwenyewe, akaufanya daraja. Lakini hapo ulipotolewa hubaki ganzi. Kwa ajili hiyo wataalamu, miongoni mwao James Phillips, wametengeneza daraja la chembe hai zilizopangwa ndani ya utando wa kolajeni. Mwaka 2013 walieleza walivyolijaribu kwa panya, katika pengo la milimita 15.

Atauliza muulizaji: Je, yafaa kutia mwilini kitu cha kutengenezwa? Jawabu: Sahaba Arfaja bin Asad alikatwa pua vitani, akatia ya fedha, ikanuka; Mtume (s.a.w.) akamwamrisha atie ya dhahabu, na dhahabu ni haramu kwa wanaume. Ikiwa pua ilihalalishiwa haja hiyo, mkono wa kutafutia riziki na kutawadhia ni aula zaidi.

Lakini ziko bomba za kuungia mishipa zilizofanywa kwa kolajeni ya ng'ombe, na ziko vifaa vya utumbo wa nguruwe. Basi muulize tabibu kabla ya kupasuliwa. Kisicho najisi kikipatikana, ndicho. Kikikosekana, wanavyuoni wetu wa Kishafii wamemuudhuru aliyeunga mfupa wake kwa najisi kwa kukosa kilicho tahiri, na mshipa hukisiwa juu yake.

Utabibu ni faradhi ya kifaya. Wasomesheni wana wenu, wa kiume na wa kike, ili Garissa na Lamu zisikose wajuzi wake. Wabillahi tawfiq.