Arusi ya Watu Wachache

Tumeletewa suala. Kijana wa kwetu pwani, akaaye Maguu katika milima ya Umatengo kwa kazi ya kununua kahawa, ataka kuoa huko. Ataka nikaha isomwe nyumbani kwa wali baada ya Alasiri, watu wasizidi ishirini, chakula kiwe sinia nne, pasiwe na kamati ya michango, wala ukumbi, wala kadi. Mamake aliye Tanga amejibu kwamba huo ni Uzungu, na kwamba mwanawe ataka kumzika angali hai. Nani mwenye haki?

Na tuanze na hilo la Uzungu, kwani ndilo jepesi. Abdurrahman bin Auf alikuwa katika masahaba kumi waliobashiriwa Pepo, naye alioa Madina bila ya kumwalika Mtume. Mtume hakujua illa alipoona athari ya zafarani juu yake. Hakumlaumu. Alimwombea baraka, akamwamrisha afanye karamu japo kwa mbuzi mmoja. Je, huyu alifundishwa na Mzungu gani? Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania bara ya mwaka 1971 yataka mashahidi wasiopungua wawili tu. Kadi yenye bei ya mtu mmoja na bei ya watu wawili, keki ya ghorofa, magari yaliyofungwa utepe: hayo ndiyo mageni, nasi tumeyakaribisha, tukayakalisha kitako, tukayaita mila.

Walakini mama ana hoja nyingine asiyoitamka. Miaka mingi amewatunza watoto wa wenzake kwa kanga, kwa mchele na kwa fedha, akitumai kwamba iko siku vitarudi. Je, hilo ni deni? Wanavyuoni wa madhhab ya Shafi wametafautiana katika vitu vitolewavyo arusini: wako wasemao ni hiba, na wako wasemao ni karadha penye desturi ya kurudishana. Nami naona kwamba hata tukilifanya deni, mdai ni mama na wadaiwa ni majirani zake. Kijana hakukopa kitu. Haimpasi kuoa kwa wingi ili mamake apate kulipwa. Siliandiki neno hili kwa moyo mwepesi, kwani mama yule hakuwa akitafuta faida. Alikuwa akiiwekea akiba siku moja ya kuonekana.

Lakini uchache wenyewe si wema. Nimwulizalo kijana ni hili: hao ishirini ni nani? Wakiwa ni wafanya biashara wenziwe na wakubwa wa serikali, na jirani yake alimaye ngoro ubavuni mwa kilima asikia harufu ya pilau tu, basi hiyo ndiyo karamu aliyoitaja Mtume kuwa chakula chake ni kiovu, waitwapo matajiri na kuachwa masikini. Wanavyuoni wetu wasema mwaliko wa namna hiyo haumlazimu mtu kuuitikia. Tena Wamatengo walikuwa na desturi yao iitwayo sengu, ambapo jamaa hukutana kula pamoja na kuzungumza mashauri yao. Mtu wa nchi hiyo, ajapokuwa Mkristo kama walivyo wengi wao, ajua sana maana ya kuitwa kwenye chakula, na maana ya kupitwa. Jirani huyo na aingie katika ishirini, hata ikibidi tajiri mmoja atoke. Na nikaha itangazwe msikitini siku ya Ijumaa, kwani kuwa na watu wachache ni jambo moja, na kuoa kwa siri ni jambo jingine.

Amebaki mama. Kutoka Tanga mpaka Maguu ni mwendo upitao kilomita 1,000, basi nauli yake iwe gharama ya kwanza, kabla ya mbuzi. Na atakaporudi, kijana ampe mchele wa sufuria moja, awaite wale wanawake aliowatunza, wale, wamwulize sura ya mkaza mwanawe.