Tusimsifu Mjamzito kwa Kunyamaza

Hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, mjamzito anayefika mwezi wa tisa bila kulalamika husifiwa sana. "Mama yule ana moyo," tunasema, huku tukimtazama akijitwisha ndoo. Sifa hiyo hunitia hofu. Wengi wetu tulikimbia Kongo, Burundi na Rwanda, na njiani tulijifunza kufunga mdomo na kuendelea kutembea. Uvumilivu ule ulituokoa. Kwa mjamzito, waweza kumuua.

Miezi ya mwisho mwili hufanya kazi kubwa. Damu huongezeka kwa karibu nusu ya ile ya kawaida, ndiyo maana moyo humwenda mbio na pumzi humwishia akitembea hatua chache. Homoni hulegeza viungo vya nyonga ili mtoto apate njia, na kiuno kikauma. Mlango wa juu wa tumbo hulegea pia, basi kiungulia humpanda kila akilala. Mtoto akishuka, kibofu hubanwa, na usiku mama haishi kutafuta choo. Jioni miguu huvimba.

Huo si uvivu wala deko. Nafuu yake nyingi iko kwa watu wa nyumbani: kumchotea maji, kumpisha kwenye foleni, kumpa chakula kidogo kidogo, kumtafutia kitu cha kuegemeza mgongo ili alale kwa ubavu.

Lakini yapo yasiyongoja asubuhi. Uso na mikono kuvimba, kichwa kuuma bila kupoa, macho kuona ukungu, maumivu makali chini ya mbavu: hayo huashiria shinikizo la damu linaloweza kuleta kifafa cha mimba. Hali kadhalika kutoka damu, chupa kupasuka kabla ya uchungu, au mtoto kupunguza kucheza. Mama tuliyemzoesha kunyamazia miguu iliyovimba atanyamaza hata siku uso utakapovimba. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwetu kuchelewa kuna gharama zaidi. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu wapatao 10,000. Leo tumezidi 50,000, na kituo cha afya kinahudumia pia wenyeji wa vijiji jirani vya wilaya ya Dowa. Hali ikizidi uwezo wa kituo, mama hupelekwa hospitali ya wilaya au Lilongwe, zaidi ya kilomita 40. Huko muuguzi anauliza kwa Kichewa, naye mama anajua Kiswahili au Kirundi tu. Asiye na wa kumsemea hufupisha maumivu yake yote kwa kutikisa kichwa.

Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara 8. Nyumbani tunaonana naye kila siku. Tukimuuliza "habari za leo," atajibu "nzuri," kwa kuwa ndivyo alivyolelewa. Basi tuulize vingine: kichwa kinauma? Macho yanaona vizuri? Mtoto amecheza leo? Baba, maswali hayo ni yako kwanza. Weka nauli kando mapema, tafuta jirani anayejua Kichewa awe tayari kumsindikiza, na mkeo akisema anaumwa, msadiki mara ya kwanza.