Namba Iliyosadikiwa Bila Kupimwa

Je, ni halali mtu kutaka asadikiwe kwa neno ambalo hakulihakikisha? Na mwingine akisema, "Neno hilo si kweli," naye hawezi kuonyesha kosa lilipo, tumsadiki? Maswali haya mawili yaonekana wazi sana katika habari ya namba moja kubwa.

Namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Chukua 2 tano, uzizidishe zote pamoja, upate 32. Ukitoa 1 ni 31, nayo ni tasa. Lakini ukichukua 2 kumi na moja na kufanya vivyo hivyo, wapata 2,047, nayo si tasa, maana ni 23 mara 89.

Mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliandika ya kwamba ukichukua 2 sitini na saba, ukazizidisha na kutoa 1, utapata namba tasa. Ndiyo hii: 147,573,952,589,676,412,927. Njia ya kuihakikisha hakuwa nayo. Sisemi ya kuwa alidanganya; lakini jambo alilolidhani aliliandika kama jambo alilolijua, na jina lake likalichukua zaidi ya miaka mia mbili.

Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alithibitisha ya kuwa si tasa. Ajabu ni hii: hakutaja hata namba moja inayoigawanya! Namba tasa zina tabia zake. Aliijaribu kwa tabia hizo, ikashindwa. Alikuwa kama mkaguzi ajuaye kwa yakini ya kuwa fedha ya sanduku imepungua, wala hajui imetokea mlango gani. Mkaguzi huyo asema kweli, naye atenda haki akikomea hapo pasipo kumtaja mtu. Wengi huuona ujuzi wa namna hii kuwa nusu ya ujuzi. Mimi nauona kuwa kamili, ila ni wa jambo dogo zaidi. Walakini mtu asiye na elimu ya Lucas alikuwa amebadilishiwa jina tu: jana alimsadiki Mersenne, leo amsadiki Lucas.

Mwezi wa Oktoba 1903, huko New York, Frank Nelson Cole alisimama mbele ya mkutano wa wanahesabu wa Marekani. Husimuliwa ya kuwa hakunena neno. Aliandika ubaoni namba ile, kisha akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, tarakimu kwa tarakimu, hata majibu yakalingana, akaketi. Alipoulizwa kazi hiyo ilimchukua muda gani, yasemekana alijibu, Jumapili za miaka mitatu. (Juu ya Jumapili hizo wazee wa kanisa watakuwa na lao la kusema.)

Cole hakuomba kusadikiwa. Mtoto wa shule ajuaye kuzidisha aweza kutwaa karatasi na kumhukumu. Lakini pasipo Lucas, ni nani angaliketi Jumapili zote hizo akitafuta, asijue kama kipo cha kutafutwa?