Wajibu wa Mtaalamu

Je, kazi ya mtaalamu hukoma pale anapoutambua ugonjwa, au humpasa kuendelea mpaka kiondolewe kile kiuletacho? Kila kijana asomaye sayansi atalikabili swali hili siku moja.

Wako wasemao kuwa mtaalamu ni mfano wa hakimu: akishuka barazani kushindana na watu, hukumu yake haiaminiwi tena. Neno hili si la kudharauliwa, kwa maana apendaye jambo kupita kiasi huona yale tu ayatakayo.

Lakini na tumtazame Wangari Maathai, aliyezaliwa Nyeri mwaka 1940. Mwaka 1971 alipata shahada ya uzamivu, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika ya Mashariki na ya Kati. Alipokuwa akichunguza ndigana kali, maradhi ya ng'ombe yaenezwayo na kupe, alikwenda vijijini kuwakusanya kupe hao. Huko aliona mambo ambayo hakutumwa kuyatafuta: ng'ombe waliokonda, mito iliyojaa udongo, na watu waliodhoofika. Akawasikiliza akina mama. Miti ilikuwa imekatwa na kuni zimeadimika. Kwa hiyo walipika vyakula viivavyo upesi, na watoto wakakosa lishe njema. Kumbe kupe alikuwa adui mdogo. Adui mkubwa alikuwa ardhi iliyovuliwa nguo.

Tarehe 5 Juni 1977, yeye na wenzake walipanda miti saba mjini Nairobi. Kazi hiyo ilikua ikawa mamilioni ya miti. Mwaka 1989 alipinga jumba la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa katika bustani ya Uhuru. Alitukanwa, lakini jumba halikujengwa. Mwaka 2004 alitunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani, na mwaka 2011 akafariki dunia.

Je, aliacha kuwa mtaalamu? Hasha. Wanawake wake walilipwa fedha kidogo kwa kila mche uliopona, wala si kwa kila mche uliopandwa. Hicho ni kipimo, na kipimo ndicho moyo wa sayansi. Upendeleo haumo katika kutenda. Umo katika kuuficha ushahidi.

Ninyi msomao Kitale na Bungoma, mto Nzoia ni wenu nyote. Maji yake hutoka Mlima Elgon na vilima vya Cherang'ani, hupita Webuye, kisha humwagika katika Ziwa Victoria. Msitu ukifyekwa juu, tope hunywewa na walio chini. Mkata miti na mnywa tope hawajuani, na hapo ndipo haki inapoingia: aharibuye siye aumiaye.

Basi mtu akiyapima maji hayo, akayaona yamechafuka, kisha akayafungia matokeo kabatini, hakusema uongo. Lakini mtoto aliye chini ya mto ataugua vilevile, kana kwamba maji hayo hayakupimwa kamwe.