Je, kumeza dawa kila siku ni kukosa imani?



Kuna swali ambalo wengi wenu mmetuuliza mlangoni baada ya ibada, wengine kwa sauti ya chini: mtu akiombewa, halafu akarudi nyumbani akaendelea kumeza dawa zake, je, huyo hajaamini? Zamani tulikuwa na jibu la haraka. Leo tunaandika kwa sababu jibu lile lilimgharimu mtoto. Mama yake ametupa ruhusa ya kuandika, mradi tusitaje jina.

Mama huyu ni wa kusanyiko letu hapa kambini, lakini dada yake mkubwa anakaa Bwera na anauza unga wa muhogo katika soko la mpakani pale Mpondwe. Ninyi mliovuka pale mnapajua. Wanande wa ng'ambo ya Kongo na Wakonzo wa upande wa Kasese ni ndugu, lugha yao ni moja, kwa hiyo mtu wetu akifika Bwera hajioni mgeni sana. Mtoto wake wa kiume, wa miaka minne, ana ugonjwa ambao sisi tuliotoka Kongo tunauita anemia ya SS. Hapa Uganda wanasema siko seli, na ndugu wa Tanzania wanauita selimundu. Alikuwa na dawa zake: foliki asidi, penisilini, dawa ya kuzuia malaria, na nyingine iitwayo haidroksiyurea. Alikuwa amemaliza karibu mwaka mzima bila kulazwa.

Kukawa na mkutano wa maombi wa siku tatu huko Bwera, nasi tukaalikwa. Siku ya pili tulimwekea mtoto mikono. Mama akasimama mbele ya watu akashuhudia kwamba mwanawe hajalia kwa maumivu ya mifupa miezi mingi, vigelegele vikapigwa. Kisha akatuuliza, na kipaza sauti kingali mkononi mwake: "Baba mchungaji, na hizi dawa je?"

Hatukumwambia aziache. Wala hatukumwambia aendelee nazo. Tulisema, "Mama, wewe mwamini Bwana tu," na kwaya ikaanza kuimba.

Akaziacha zote. Wiki ya kwanza mtoto alikuwa mzima, ya pili mzima, ya nne anacheza mpira na binamu zake. Sisi tulirudi kambini tukasimulia habari hiyo katika makusanyiko matatu. Mwezi wa tatu, usiku, akapata homa, macho yakawa ya manjano, viganja vikawa vyeupe kama karatasi. Walimbeba kwa bodaboda mpaka hospitali. Ilikutwa ana malaria na damu imeshuka vibaya, akaongezewa damu. Asubuhi ya pili mama akaona mkono wa kulia umelegea na mdomo umepinda upande mmoja. Mishipa ya damu kichwani ilikuwa imeziba. Mtoto yuko hai, tunamshukuru Mungu, na anatembea. Lakini mpaka leo mkono ule haushiki kikombe sawasawa.

Tulipofika kumtazama tulimwomba musawo mmoja atueleze ugonjwa wenyewe, maana tulikuwa tukiuombea miaka mingi bila kuujua. Alisema chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni za mviringo na laini, zinapita hata kwenye mishipa myembamba kabisa. Za mtoto huyu hujikunja kama mundu na kuwa ngumu. Zikikwama mahali, damu haipiti: kwenye mfupa ni maumivu, kwenye ubongo ni kupooza. Tena hazidumu. Chembe ya mtu mzima wa afya huishi siku kama 120. Ya mtoto huyu siku 10 hadi 20 tu, na mwili hauwezi kutengeneza nyingine kwa kasi hiyo. Ndiyo sababu damu yake iko chini siku zote. Hapo tulijifunza pia kwamba si kila upungufu wa damu unatibiwa kwa vidonge vya madini ya chuma kama wanavyopewa mama wajawazito. Mtoto wa siko seli aliyeongezewa damu mara nyingi huenda ana chuma kupita kiasi. Juisi ya majani ya matembele haitamdhuru, lakini haitanyoosha chembe zilizojikunja.

Haidroksiyurea nayo ni dawa ya ajabu kidogo. Mwanzo ilikuwa dawa ya saratani. Baadaye ikaonekana kwamba inaurudisha mwili kutengeneza damu ya namna ile aliyokuwa nayo mtoto tumboni mwa mama yake, ambayo haijikunji. Marekani iliiruhusu kwa wagonjwa wazima wa siko seli mwaka 1998. Kwetu Afrika watu waliiogopa kwa sababu ya malaria, mpaka ilipojaribiwa kwa watoto 606 katika nchi nne: Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ambapo kazi ilifanyika Mbale. Matokeo yalitolewa mwisho wa 2018. Maumivu makali yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria pia ikapungua kwa nusu hivi, kuongezewa damu kukashuka mpaka theluthi moja, na vifo vikapungua. Tunaongeza neno hapa kwa wazazi: dawa hii inaweza kushusha chembe nyeupe, ni lazima damu ipimwe kila baada ya muda, kwa hiyo mtu asimgawie jirani vidonge vya mtoto wake hata kwa upendo.

Sasa sikilizeni jambo lililotuchoma. Nguvu ya dawa hiyo haiishi siku unapoiacha. Inaisha polepole, kwa wiki kadhaa. Zile wiki za mwanzo tulizozihubiri katika makusanyiko matatu, mtoto alikuwa bado anabebwa na dawa aliyoimeza kabla ya mkutano. Tulishuhudia kazi ya kidonge huku tukikidharau.

Ndugu mmoja mchungaji alitufariji akisema, "Ninyi hamkumwambia aache." Ni kweli. Tumeligeuza neno hilo usiku mwingi. Je, mtu anajibu kwa maneno aliyoyatamka tu, au pia kwa yale aliyojua kwamba yataeleweka? Mama alituuliza swali la wazi mbele ya watu, nasi tulijua anasubiri nini. Tulinyamaza mahali pa kusema kwa sababu jibu la kweli lingepunguza vigelegele. Katika chuo cha Biblia tulisoma miaka mitatu, Kiyunani kidogo, namna ya kupanga mahubiri, hata namna ya kuongoza mazishi. Hatukumbuki siku tuliyofundishwa cha kumjibu mtu aliyeshika chupa ya dawa. Lakini hata hilo si udhuru. Kusema "endelea nazo, mama, mpaka upimwe" hakuhitaji chuo.

Na kuna jambo gumu zaidi. Katika mkutano ule ule tuliombea mtoto mwingine wa ugonjwa huo huo, wazazi wake nao wakaacha dawa, na mwaka ukapita bila shida kubwa. Kwa huyo hakuna aliyetulaumu. Lakini tulifanya lile lile kwa wote wawili. Kama tulikosa kwa yule, tulikosa na kwa huyu, ingawa huyu anakimbia. Musawo mwenyewe alisema hawezi kuapa kwamba kupooza kusingetokea kama dawa zingeendelea. Alisema tu kwamba hatari ingekuwa ndogo. Basi kosa letu hatulipimi kwa mkono wa mtoto. Tulicheza na hatari ambayo haikuwa yetu, na gharama ikalipwa na mwingine ambaye hata kuomba alikuwa hajui bado.

Wako ndugu wanaosema kwamba tukiandika hivi tunamwekea Mungu mipaka. Hatusemi Mungu haponyi. Tumeona mambo ambayo hatuwezi kuyaeleza, baadhi yenu mmeyaona pamoja nasi njiani tulipokuwa tunakimbia. Lakini wale kumi wenye ukoma katika Luka 17, Bwana aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, watu ambao kazi yao ilikuwa kukagua ngozi. Hakuogopa wakaguliwe. Na Paulo, ambaye kwa mikono yake wengi walipona, alimwacha Trofimo Mileto akiwa mgonjwa, akamshauri Timotheo juu ya tumbo lake. Ni nani atasema Paulo hakuwa na imani? Tena mana ya jangwani iliokotwa kila asubuhi, na hakuna Mwisraeli aliyeambiwa kwamba kuokota tena kesho ni kumwonea Mungu mashaka.

Wengine wanaona aibu kwa sababu wanasema ugonjwa huu ni laana ya ukoo. Kule Bwera upande wa mume walimtupia mama lawama, kwamba ameleta damu mbaya. Damu hii hutoka kwa wazazi wote wawili, kila mmoja akitoa sehemu yake bila kujijua, na kwa kila mimba nafasi ni moja kati ya nne. Mwaka 1949 watafiti Lehmann na Raper walipima makabila ya Uganda wakakuta kwamba kati ya Waamba wa Bundibugyo, nyuma tu ya milima ya Rwenzori ukitokea Kasese, zaidi ya watu 40 kwa kila 100 wanabeba sehemu moja. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, akaonyesha sababu: mwenye kubeba sehemu moja anakingwa na malaria kali. Kile kilichowaokoa babu zetu bondeni ndicho kinachowaumiza wajukuu wanaokipokea mara mbili. Sijui kama hiyo inaitwa laana. Habari ya wachumba kupimwa kabla ya ndoa ni ndefu, tutaiandika peke yake.

Tulipomwomba mama msamaha, alikaa kimya muda, kisha akatuambia neno ambalo hatukulitegemea. Alisema kabla ya mkutano alikuwa tayari anaruka siku. Tangu mgao ulipopunguzwa mwaka 2023, nauli ya kwenda kliniki ilimshinda, na mara nyingine akifika anaambiwa dawa imekwisha, akanunue nje. Aliona haya kusema kanisani kwamba hana pesa. Tuliposema aamini, alipata njia ya kuacha bila haya. "Mlinipa heshima, baba mchungaji," alisema. Hatukuwa na la kujibu. Tulikuwa tumemwuliza habari za imani yake mara nyingi, na habari za nauli hata mara moja hatukuwa tumemwuliza.

Mtoto amerudishiwa dawa zote na anapimwa damu. Wazee wa kanisa wamekubali kwamba sadaka ya Jumapili ya mwisho wa mwezi itakuwa ya nauli na dawa za watoto wa kliniki, na kwamba mwenye ushuhuda wa kupona ugonjwa wa damu aje kwanza na karatasi ya kipimo. Wawili wamekasirika, mmoja amehama kusanyiko. Daftari la nauli analishika mama yule yule. Wenye watoto wamwone baada ya ibada, chini ya mwembe, waje na kadi za kliniki.