Heshima Apewayo Mtaalamu

Katani, pamba na mpira hutofautiana machoni na mikononi, walakini vina asili moja. Kila kimoja kimefanyika kwa molekuli ndefu mfano wa mnyororo, na pete za mnyororo huo hufika maelfu. Leo jambo hili hufundishwa darasani wala hapana abishaye. Mwaka wa 1920 aliyelisema alichekwa.

Aliyelisema ni Hermann Staudinger, Mjerumani aliyezaliwa mjini Worms mwaka 1881, naye wakati huo alikuwa akifundisha Zürich, Uswisi. Wakubwa wa kemia waliamini kwamba molekuli ya ukubwa huo haiwezi kuwako. Kwao mpira ulikuwa lundo la molekuli ndogo zilizoshikamana kwa nguvu hafifu. Staudinger alikumbuka baadaye kwamba mwenziwe mwenye sifa kubwa alimshauri aache ndoto za molekuli kubwa, ausafishe mpira wake, na ukweli utamdhihirikia.

Je, alijibu kwa maneno? Alijibu, maana hakuwa mtu mpole katika ubishi. Lakini jibu lake bora lilikuwa jaribio. Wapinzani walidai kwamba viungo viwili viwili vilivyomo katika mpira ndivyo vinavyolishikamanisha lundo. Basi, mwaka 1922, yeye na Fritschi (jina ambalo halitajwi sana siku ya kugawa sifa) waliviondoa viungo hivyo kwa kuongeza haidrojeni. Kama wapinzani walisema kweli, lundo lingesambaratika likawa kimiminiko chepesi cha kugeuka mvuke. Halikusambaratika. Kitu kilichopatikana kilikuwa na tabia ile ile ya mpira.

Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1953, naye ana umri wa miaka 72. Hapa ndipo penye swali langu. Tunapomheshimu mtu kama huyu, twaheshimu nini? Wengi watasema twaheshimu uthabiti wake. Mimi siridhiki na jibu hilo, kwa sababu Staudinger huyo huyo alishikilia kwamba minyororo ile ni migumu kama fimbo, na Werner Kuhn na wengine walipoonyesha kuwa hujipinda na kujikunja, alikawia mno kukubali. Uthabiti uliomwinua katika jambo la kwanza ndio uliomkwaza katika la pili. Tofauti, naona, ni hii: mwaka 1922 aliliweka wazo lake mahali ambapo lingeweza kuvunjika mbele ya watu wote, katika habari ya fimbo alililinda kama mali. Kitendo kile cha kwanza chastahili heshima hata kama jaribio lingalimshinda.

Pana mwanafunzi atakayeuliza swali gumu zaidi. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza Kenya tarehe 28 Agosti 2017, kwa kuwa mifuko hiyo ilikuwa imeziba mifereji na kuua mifugo. Je, ni haki kumsifu mtu ambaye elimu yake ilifungua njia ya plastiki? Ni rahisi kujibu kwamba mwenye elimu hana lawama, lawama ni ya mwenye kuitumia. Lakini Staudinger mwenyewe hakuukubali udhuru huo. Mwaka 1917 aliandika kupinga kuendelezwa kwa Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akalaumu gesi ya sumu, kazi ya wakemia wenziwe. Na Fritz Haber, aliyeisimamia silaha hiyo, alimshutumu kwamba ameidhuru nchi yake. Katika enzi ya Hitler mambo hayo yalifufuliwa ili kumshtaki. Hatuwezi basi kumtetea kwa udhuru alioukataa.

Nami simtetei kwa huo. Hakuutengeneza mfuko, wala hakuwaagiza watu wautupe. Alieleza jinsi vitu vilivyoungwa, na maelezo hayo yanatutumikia hata katika majuto yetu. Mfuko ulionaswa katika miiba kando ya barabara hauozi upesi kwa sababu mnyororo wake wa kaboni ni mrefu na imara, na vijidudu vya udongo havipati pa kuukata. Atafutaye njia ya kuukata hana budi kuanzia pale alipoanzia yeye mwaka 1920.