Mbwa Mwitu Mwenye Maneno Matamu

Mwaka 1966 bendi ya Marekani, Sam the Sham and the Pharaohs, ilitoa wimbo "Li'l Red Riding Hood", ukapanda hadi nafasi ya 2 katika chati ya Billboard. Hadithi ni ile ya binti wa kofia nyekundu anayepita msituni kwenda kwa bibi yake, ila humu anayeimba ni mbwa mwitu mwenyewe. Anamsifia binti macho na midomo, anajitolea kumsindikiza, na anakiri kwamba amejivika vazi la kondoo ili kwanza aaminiwe.

Wimbo unachezeka, lakini kisa chake ni kizito. Charles Perrault alipokichapisha Ufaransa mwaka 1697, binti aliliwa na hakuna aliyemwokoa. Mwindaji wa kumtoa tumboni aliletwa na ndugu Grimm wa Ujerumani mwaka 1812. Perrault alifunga kwa onyo: mbwa mwitu wapole ndio hatari kuliko wote.

Wahenga wetu nao walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Mzazi, usiishie kumwonya mwanao juu ya watu wakali. Mfundishe kumpima anayemsifia kupita kiasi, anayemfuata bila kuombwa, anayemtaka afiche urafiki wao. Mwambie ana haki ya kukataa, na kwamba akija kukusimulia hutamgombeza. Mtoto anayejua atasikilizwa nyumbani husema mapema, na kusema mapema huokoa.